Dungu la Benzi

Mohoro, Rufiji
9 Juni 2024

Mpwa wangu Nasma,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako Mwanamina anakusalimu, na kuku wangekusalimu kama wangejua unakwenda kuolewa.

Utashangaa kuona barua. Simu yangu iliingia maji mwezi wa nne, lakini hata kabla haijaingia nilikwishaamua. Kwenye simu unanikatiza. Nikianza jambo unacheka, unasema, "Mjomba, hapo umetia chumvi," basi nguvu zinaniishia. Karatasi hainikatizi. Barua nampa Sufiani anayekatisha tiketi za boti Nyamisati, naye anampa nahodha, nahodha anakuletea Kilindoni. Nawe ujibu kwa njia hiyohiyo.

Habari ya posa nimeipata. Huyo Huseni nimemuulizia. Kumbe anatengeneza mashine za boti. Mtu wa mashine namkubali, maana mie na mashine tunajuana. Mwambie mjomba wako amemwendesha marehemu Mzee Haidari wa Ikwiriri, tajiri wa mbao, miaka kumi na tisa, na sikumkwaruza hata kioo. Mwambie zamani pale Ndundu, kabla ya daraja, pantoni iligoma kuondoka na malori sita juu yake mpaka Benzi yetu ipite mbele. Na kiboko aliyekuwa njiani alisimama pembeni akatupisha. Nahodha wa pantoni yuko hai, ataulizwa.

Mzee Haidari alipokufa hakuniachia shamba. Aliniachia Benzi. Watoto wake wamenuna mpaka leo. Rangi ya chai ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, nyota mbele. Kuanzia Kibiti mpaka Somanga hakuna mwanamke aliyeolewa vizuri asiyekaa kiti cha nyuma cha gari hiyo.

Nawe hujasahau. Mama yako Ashura, Mungu amrehemu, alipokuacha mikononi mwangu ulikuwa na miaka sita. Siku ulipotolewa mwali, wenzako walibebwa mabegani na wajomba zao, wanatoka jasho kama wapagazi. Mie mgongo ulikuwa unauma, nikakukalisha juu ya Benzi. Ukapita mji mzima umekaa juu kama mtoto wa sultani, na bati likabonyea pale ulipokaa. Sikulinyoosha lile bonde. Siku ile nikakwambia: siku ya ndoa utakaa ndani.

Kwa hiyo tarehe kumi na mbili Oktoba, baada ya kuozeshwa, utatoka mlangoni kwangu ndani ya Benzi. Maji ya mafuriko ya mwaka huu nayo hayakuniweza. Unajua nilivyoijengea dungu, kama madungu ya kulindia mpunga, ila hili la kukalia gari. Boriti za mikoko sitini. Watu walicheka. Wanaocheka sasa ni nani?

Mjomba wako,
Mshamu Mkumba
Mwenye Benzi

*

Kilindoni, Mafia
23 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua nimeipata ikiwa na harufu ya samaki, lakini nimeisoma mara tatu. Hapo kwa kiboko nilicheka peke yangu kazini zahanati, wagonjwa wakanitazama.

Nikueleze jambo. Mama mkwe mtarajiwa, Bi Zawadi, ni mtu wa maneno. Nilipomwambia nitatoka kwetu ndani ya Benzi aliwageukia dada zake, akawaambia, "Huyu mjomba nimemsikia. Si ndiye aliyepishwa na kiboko?" Wakacheka mpaka wakashika kuta. Tangu hapo kila nikipita wananiuliza, "Nasma, Benzi yenu inakula majani au petroli?"

Mie sikucheka. Niliwaambia, mjomba wangu anaongeza maneno, lakini Benzi ipo. Nimeikalia. Nina kovu la goti nililolipata nikishuka juu yake. Nimewaambia waje wote Mohoro waione kwa macho.

Najua mambo yako mengi si ya kuyashika, mjomba, na sijawahi kukudai. Hili moja tu nimelishika. Harusi yangu sitaki mapambo mengi, sitaki hata keki. Nataka siku hiyo mtu asiweze kucheka.

Je, inawaka? Maana Huseni anasema gari iliyokaa muda mrefu hushika kutu kwenye pampu. Akipata nafasi atakuja kuitazama.

Mpwa wako,
Nasma

*

Mohoro
14 Julai 2024

Nasma mwanangu,

Barua yako imenikuta na shughuli nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Usidhani vinginevyo.

Kuhusu Benzi ondoa shaka. Mwambie Huseni asijisumbue, nauli yote hiyo ya boti na bodaboda. Gari iko Kibiti kwa fundi Ashrafu, anaipaka rangi. Ashrafu ni fundi mgumu, hapendi kuonyesha kazi isiyokwisha. Hata mie alinifukuza juzi, akasema, "Mzee Mshamu, utaiona ikiwa tayari." Rangi ile ya chai ya maziwa haipatikani siku hizi, wanaichanganya wenyewe, inataka subira.

Ila nilikuwa nataka kukuuliza, kwa uzuri tu. Hivi wasichana wa siku hizi bado wanapenda magari makubwa? Juzi pale Ikwiriri imepita harusi ya bajaji saba, zimepambwa kwa vitambaa vya zari, zinakwenda kwa mstari kama bata. Watu walitoka nje ya nyumba kutazama. Mie mwenyewe, niliyeendesha Benzi, nilisimama. Nikasema kumbe bajaji nayo ina heshima yake, na upepo unaingia, biharusi hatoki jasho la uso. Nimekwambia tu upate kufikiri.

Huyo Bi Zawadi mwache. Kiboko yule alikuwa mkubwa kuliko nilivyokuandikia, nilipunguza nisionekane naongeza.

Mpunga mwaka huu haukupatikana, maji yaliuchukua wote. Tunakula mihogo, haitushindi. Bi Siti jirani amepona kifua chake. Anakuulizia kila siku.

Mjomba wako,
Mshamu

*

Kilindoni
28 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Huseni alikuwa na safari ya Dar kununua spea. Wakati wa kurudi alishuka Kibiti, akaenda kwa fundi Ashrafu bila kuniambia, alitaka kunifurahisha. Ashrafu alimwambia gari ya Mzee Mshamu hajaitia machoni tangu kabla ya Ramadhani.

Hakumwambia mama yake. Aliniambia mie peke yangu, taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Hilo ndilo lililoniuma.

Kama umeiuza, niandikie umeiuza. Njaa najua ipo huko, na gari ni yako, sina la kusema. Lakini usinipeleke kwa fundi Ashrafu.

Nasma

*

Mohoro
18 Agosti 2024

Mwanangu Nasma,

Ni mie mkaza mjomba wako, Mwanamina. Mwandiko utanisamehe.

Mjomba wako barua yako anatembea nayo mfukoni. Ameanza kukujibu mara nne. Karatasi anazichana, anawashia jiko. Jana nimemwambia, "Baba, mwambie mtoto," akaniambia, "Nimwambie nini?" akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo nakwambia mie, na asijue nimekuandikia.

Benzi hajaiuza. Benzi ilizama.

Siku maji yalipokuja mie nilikuwa Umwe kwenye arobaini ya dada yangu, kwa hiyo naeleza nilivyoelezwa. Ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa chai. Nyumba za bondeni zilianguka kwa saa moja. Palipokuwa juu ya maji ni dungu la gari tu, lile lililochekwa. Watu wakalikimbilia. Lakini halikuweza kubeba vyote viwili, boriti zikaanza kupasuka. Basi mjomba wako akaisukuma Benzi majini kwa mikono yake, watu wakapanda. Walikaa pale roho kumi na saba mpaka kesho yake mitumbwi ilipowachukua. Wajukuu watatu wa Bi Siti wamo. Jirani yetu Zaidi na mkewe mwenye mimba wamo. Mtoto amezaliwa, wamempa jina la Mshamu.

Wewe fikiri. Mtu anayemwambia kila mgeni habari ya kiboko, hili hajalisema hata siku moja. Watu wakilitaja anaondoka. Mie nimeolewa naye miaka ishirini na nane, na hapa sijamwelewa.

Gari ipo nyuma ya nyumba, vijana waliivuta maji yalipopungua. Imejaa tope mpaka kwenye usukani. Usimkasirikie.

Mkaza mjomba wako,
Mwanamina

*

Kilindoni
1 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo.

Sikuandikii kuhusu harusi. Harusi ipo, na bajaji nimeikubali, moja tu inatosha.

Nimeambiwa mambo ya siku ya maji. Usimuulize mtu aliyeniambia. Nimelia, kisha nikakasirika. Hadithi zako zote umenipa tangu nina miaka sita, na ile ambayo ningeitembeza kisiwa kizima umeificha. Bi Zawadi nimemwambia. Hakucheka, ila alisema, "Basi na hiyo nayo tutaijuaje?"

Naomba unisimulie mwenyewe. Sitakukatiza.

Nasma

*

Mohoro
22 Septemba 2024

Nasma,

Huyo mkweo ameuliza vizuri. Ndilo nililokuwa naliogopa. Mie nimesema mengi katika mji huu. Hili ningelisema, wangeliweka pamoja na kiboko.

Lakini hiyo ni sababu ndogo. Kubwa ni hii. Habari uliyopewa si kweli yote. Waliokupa hawakudanganya, hawajui tu.

Maji yalikuja tunakunywa chai, hilo kweli. Watu walikimbilia dungu, nikawaambia pandeni, hilo nalo kweli. Wa mwanzo kumi na mmoja walijibana pembeni mwa gari, wengine wamekaa kwenye boneti. Nikawaambia watoto wasiikwaruze rangi. Nasma, nililisema hilo, maji yako kifuani mwa watu.

Kisha dungu likalia. Boriti ya kona ikapasuka, gari ikainama kidogo upande wa kushoto. Zaidi akanishika mkono akasema, "Mshamu, gari au sisi." Nikamwambia ngoja. Nikafungua mlango, nikaingia ndani, nikaketi kwenye usukani, nikafunga vioo, nikatia loki.

Nilikaa mle kwa kadiri ya rakaa nne. Sikuwa nafanya kitu. Nilishika usukani. Nje watu wanasema, siwasikii vizuri, ile gari ilitengenezwa usisikie ya nje. Bi Siti alikuwa amefika, amesimama kwenye ngazi ya ubavuni maana juu hapakuwa na nafasi, maji yako kiunoni, mjukuu wake Mudy yuko shingoni mwake. Akaweka kiganja chake kwenye kioo changu. Hakugonga. Alikiweka tu, na mie nikakitazama kile kiganja, na sikutoka.

Nilitaka kukuandikia kwamba nilikuwa nakufikiria weye na ahadi yangu. Ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi zile nilizochana. Ni uongo. Sikukufikiria, wala sikumfikiria Mzee Haidari. Nilijifikiria mie. Kwamba bila Benzi mie ni Mshamu aliyeishia darasa la tano, anayelima mpunga wa kuchukuliwa na maji, na hakuna atakayesimama kunisikiliza.

Kisha kiganja kikateleza. Hakuanguka, alikuwa anamsogeza mtoto tu. Lakini mie nilidhani ameanguka. Hapo nikatoa gia, nikaachia handbreki, nikatoka, tukasukuma mie na Zaidi. Haikutaka nguvu. Iliingia kwa mbele, nyota kwanza, halafu taa, halafu ikatoa pumzi ndefu kwenye madirisha. Maji yakasimama usawa wa bati la juu. Lile bonde lako likajaa maji, na kuku mmoja wa Bi Siti akaja akatua pale, akanywa.

Watu wananishukuru njiani. Nikiwaitikia nitakuwa nawaibia. Bi Siti alikuwepo, na hajawahi kusema neno, na kila asubuhi ananiletea chai. Siwezi kumtazama usoni nikiipokea.

Juzi walikuja watu wa chuma chakavu na lori. Kabla hawajafika niliiosha. Ndoo kumi na nane za maji ya kisima, na ndani ya buti nilikuta kambare mkavu wa urefu wa mkono wangu. Hapo sijatia kitu, Mwanamina shahidi. Nilifuta viti, ngozi imepasuka kama nyayo za mkulima. Nilifuta usukani. Nikaingia nikaketi, safari hii nimeacha mlango wazi. Yule mwenye lori akaniambia, "Mzee, chukua hata nyota, ukumbusho." Nikamwambia iende nayo, mwenyewe Mzee Haidari ataijuaje huko iendako bila nyota. Walipoivuta juu ya lori kwa mnyororo niliwaelekeza, kushoto, kushoto, nyoosha, kama nilivyozoea kuelekeza watu wasiojua kuegesha. Ilipoanza kuelekea barabara kuu ya Kibiti niliona bonde lako lina maji bado, linamwaga. Mpaka ilipokunja sikuondoka.

Sasa umesikia. Ukitaka mtu mwingine akutoe mlangoni siku hiyo, nitaelewa, Zaidi ni mtu mzuri.

Jambo la mwisho. Siku ulipotolewa mwali mgongo haukuwa unauma. Nilitaka watu waione gari. Mgongo wangu ni mzima mpaka leo.

Mjomba wako,
Mshamu

*

Kilindoni
20 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Tumefika salama, boti ilituyumbisha tu kwenye mdomo wa mto, Bi Zawadi akatapika kwenye mkoba wa dada yake.

Hajaacha kusema. Lakini maneno yamebadilika. Anasema, "Nilidhani yule mzee atamwangusha mkwe wangu kutoka begani." Anasema alikuwa akihesabu hatua kwa hofu, na nyanya yake mwenyewe alitoka nyumbani hivyohivyo, begani mwa mjomba, lakini yeye walimtoa kwa pikapu na tangu siku ile lilimkaa moyoni. Amewakataza dada zake kusema habari ya petroli.

Mie huko juu nilisikia unavyohema, nikakwambia nishushe, ukaniambia, "Kaa, mwali hashuki." Shati lako lilinuka sabuni ya unga na jasho. Nilishika kichwa chako kwa mikono miwili, hina yangu ilikuwa bado mbichi, naona ilikuachia alama kwenye upara. Unisamehe.

Nilikuahidi sitakukatiza, na sijakukatiza. Sasa nisikilize weye.

Asubuhi ya harusi, Bi Siti alipokuwa ananisuka, nilimuuliza. Usikasirike. Nilimwambia, bibi, siku ya maji uliweka mkono kwenye kioo cha gari ya mjomba, ulikuwa unataka kumwambia nini? Aliendelea kusuka. Akasema, "Nilikuwa najishikiza, mwanangu, ngazi ilikuwa inateleza." Kisha akasema, "Nilimwona mle ndani midomo inamtembea. Nikajua anaiaga. Mie niliyemuaga mume wangu na watoto wawili, najua mtu akiaga anavyokuwa. Nikawaambia akina Zaidi wamwache amalize."

Nikamuuliza, hukuogopa? Akasema, "Nilimwogopea Mudy. Lakini Mshamu simwogopi. Nilijua atatoka. Mtu anayetaka kuondoka na gari huiwasha."

Ndiyo hiyo chai ya kila asubuhi, mjomba. Mtazame usoni.

Mpwa wako,
Nasma Mshamu

*

Mohoro
3 Novemba 2024

Mpwa wangu Nasma,

Marahaba. Barua nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya dungu. Mwanamina ameanika muhogo kote, amenibakishia kona. Zaidi ameezeka nusu yake, anasema watoto wasinyeshewe mwaka mwingine.

Midomo ilikuwa inatembea, hilo sikulijua. Sikumbuki nilisema nini.

Leo asubuhi Bi Siti ameleta chai. Nilimwambia akae, akakaa. Tulikunywa mpaka ikaisha, halafu akaniuliza, "Hivi yule kiboko alikuwa dume au jike?" Nikamwambia dume. Akasema alijua.

Alama ya hina haijatoka. Nikienda msikitini navaa kofia nyuma kidogo.

Watu wa hapa nimewaambia kwamba nilikubeba kuanzia mlangoni kwangu mpaka njia panda ya barabara kuu, maili mbili, bila kupumzika, nawe umevaa dhahabu tupu. Zilikuwa hatua ishirini na mbili mpaka kwenye bajaji. Hizo nakwambia weye.

Mjomba wako,
Mshamu Mkumba